Kisahani Cheupe cha Mboje

4 Desemba, Lamadi

Nimefika kwa mama mchana, mvua ikinifuata nyuma. Shule nimeiacha Somanda na kelele zake zote. Likizo hii nitakaa huku ziwani, na sitasahihisha daftari la mtoto wa mtu.

Nimekuja na begi zima la chupa tupu. Kila kitu cha ajabu nitakachookota ufukweni nitakitia chupani na kukiandikia jina, nikazipange kwenye chumba chetu cha baiolojia, ambacho mpaka leo kina kiunzi kimoja tu cha mifupa ya plastiki, nacho kimepoteza mkono. Mama amelitazama begi akasema, "Wenzako wakija kwao wanaleta sukari."

Ziwa limepanda tena. Kichanja cha dagaa cha jirani yetu Joyness kimehamishwa hadi karibu na choo chake, na dagaa wake wananuka ipasavyo.

7 Desemba

Mvua. Nimelala.

9 Desemba

Joyness ameniletea kipande cha ubao wa mtumbwi kilichoota kitu cha kijani kama ukoko wa ugali. Yeye ana hakika ni uchawi wa mwanamke mwenzake wa pale mwaloni. Nimemwambia ni sifongo, mnyama kabisa, anakula kwa kuchuja maji.

"Mnyama hana mdomo?"

"Hana."

"Basi huyo ndiye mke aliyekuwa anatafutwa na mume wangu," akasema, akaenda zake kugeuza dagaa.

12 Desemba

Leo nimeona yavuyavu, wale viumbe laini wasio na mfupa. Watu husema wako baharini tu, lakini ziwa hili nalo linao wa kwake, wadogo kama sarafu, wanapitisha mwanga kiasi kwamba unawaona kwa kivuli chao. Nimewakuta kwenye kidimbwi nyuma ya matete. Wavuvi wawili wakaja kutazama, kisha mama wa genge, kisha mzee mmoja na baiskeli yake. Wote waliniuliza ni nini na wote waliondoka wameridhika.

Nasema kweli hapa ambapo hakuna anayesoma: napenda kuulizwa. Darasani hakuna anayeuliza kitu ila kama kitatoka kwenye mtihani. Hapa mtu anakuja na konokono mkononi na anasubiri jibu kana kwamba maisha yake yanalitegemea.

Mama peke yake hashangai. Nikimwambia jina la kitu ananijibu, "Haya," anaendelea kuchambua mchele.

15 Desemba

Baba mdogo Mihayo amekuja kutoka Mwandoya, ndevu zimenyolewa vizuri, na habari mfukoni. Yeye ni mdogo wake marehemu baba yangu, Mayala, na ndiye mwanaume pekee aliyebaki nyumba yetu. Mimi ni mtoto mmoja tu, tena wa kike, kwa hiyo ardhi hii ikizungumzwa anazungumza yeye.

Kuna mwekezaji wa Arusha anayetaka kipande chote cha ufukweni ajenge kambi ya watalii wanaokwenda Serengeti. Kipande chote maana yake na nyumba ya mama.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea uji, akasema hauzwi uwanja aliolala mwenye mji. Anamaanisha Mboje, babu yake baba, aliyezikwa humu humu ndani ya zizi la ng'ombe, kama walivyozikwa wazee wenye miji yao zamani. Shida ni kwamba zizi lenyewe halipo. Mwaka wa Operesheni watu wote walihamishwa kupelekwa vijijini, na waliporudi nguzo zilishaliwa na mchwa. Leo hakuna anayeweza kuweka mguu mahali na kusema, hapa.

"Shemeji, nionyeshe kaburi nami nitafunga mdomo," alisema Mihayo kwa upole. "Wazee wamesema hivyo hivyo. Lakini hatuwezi kuheshimu nyasi."

Niliona ana hoja. Huyu baba mdogo aliuza ng'ombe nikasoma kidato cha tano na cha sita, na hajawahi kunikumbusha. Mama ana miaka sabini, magoti yanamuuma, choo kinajaa maji kila masika. Nilimwambia usiku wakati wa kula kwamba Somanda hospitali iko karibu. Hakunijibu hata ile "haya" yake.

18 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika kwenye ua wa mkonge.

20 Desemba

Ukingo wa upande wa kusini umemeguka, umeondoka na mkonge wote. Mama alikwenda kutazama hasara akarudi anakimbia. Sijawahi kumwona mama anakimbia. Alikuwa ameshika kitu kwenye kona ya kanga.

Ni kisahani cheupe, duara, kinaingia kwenye kiganja. Kina tundu katikati, na upande wa nyuma kuna mzunguko kama wa konokono. Tope lilipotoka kiling'aa. Nilikuwa nimewahi kuviona kwenye picha za watemi wa zamani, wamevivaa kwenye paji la uso au shingoni. Hukatwa kwenye tako la kombe kubwa la baharini, na vilibebwa kwa miguu kutoka pwani mpaka huku. Kimoja kilikuwa na thamani ya ng'ombe kadhaa.

"Ni chake," mama alisema. "Mama mkwe alimwona anazikwa. Aliniambia kwa mdomo wake, kombe la bahari alilopewa na mtemi lilikwenda naye shingoni. Guku amejitokeza mwenyewe, ng'wanone, mwanangu wee. Ameona wanataka kumuuza."

Alikuwa analia na kucheka. Alikiosha kisahani kwa maji ya kunywa, akakiweka kwenye sinia jipya, akakisalimia kwa Kisukuma kama mtu anavyomwamkia babu asubuhi: "Mwangaluka, guku." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa yangu tupu.

21 Desemba

Wamekuja watu kukiona. Mama anawapa uji wote. Ametembea tangu asubuhi na hajalalamikia goti.

22 Desemba

Nimekitazama vizuri kwenye mwanga wa dirisha wakati mama yuko kisimani. Ule mzunguko wa nyuma ni mzuri mno. Kombe la kweli halizunguki kwa nidhamu namna hiyo. Na pembeni kuna mstari mwembamba, kama ule unaouona kwenye kikombe kilichotoka kwenye kalibu ya kiwandani.

Sijamwambia.

24 Desemba

Mihayo amepiga simu. Habari zimemfikia Mwandoya. Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, mimi si mtu wa kubishana na mambo ya ukoo. Kikao kitakaa baada ya Krismasi. Wewe ndiye unajua viumbe vya majini. Kiangalie, utuambie mbele ya wazee kama ni kombe la bahari au siyo. Utakalosema, nitalifuata."

Nilijisikia mtu mkubwa. Nimekula pilau ya mkesha na huo ukubwa wangu.

27 Desemba

Naandika yote, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Wazee walikaa kwenye turubai mbele ya nyumba kwa sababu ya manyunyu. Mwenyekiti alikuwa babu Maige, binamu yake marehemu babu yangu, mtu asiyependa maneno marefu. Mama alileta sinia mwenyewe na kitambaa cheupe juu yake, kitambaa cha kanisani. Alisimulia alivyokiokota, akasimulia alichoambiwa na mama mkwe. Alizungumza vizuri. Babu Maige aliuliza mara mbili, "Kombe la bahari?" na mama mara mbili akajibu, "Kombe la bahari, kutoka kwa mtemi."

Mihayo akasema tu, "Basi tumsikilize mwalimu."

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekaguliwa. Nilikuwa na siki kwenye vikombe viwili vya kioo. Niliwaeleza kwamba ganda lolote la kiumbe cha majini, likiwekwa ndani ya siki, hutoa mapovu. Nikatumbukiza gamba la konokono wa ziwa. Wazee wakainama. Mapovu yakaanza kupanda, na mmoja akacheka kama mtoto. Kisha nikakichukua kisahani cha mama kutoka kwenye sinia lake, bila kumwomba, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha pili.

Hakuna kilichotokea. Tulisubiri. Manyunyu yalikuwa yanagonga turubai. Mle ndani ya kikombe kisahani kilikaa kimya, cheupe na safi.

"Hiki si kombe," nikasema. "Hakijawahi kuwa kiumbe. Ni udongo mweupe wa kuchoma, kama wa vikombe vya chai. Kimetengenezwa kiwandani." Nikawaonyesha ule mstari wa kalibu. Kisahani nikakipitisha mkono kwa mkono, na kila mzee aliyeuona alitikisa kichwa.

Babu Maige akamuuliza mama, "Wewe ulisema kombe?"

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Niliambiwa kombe."

"Basi hiki siyo."

Ikaisha hivyo, upesi kuliko nilivyodhani. Mihayo hakusema neno la ushindi. Alimshika shemeji yake bega, akasema atapewa fungu lake na hatatupwa, ana binti mjini. Wazee walikula wali wakasifu elimu. Mmoja alinifuata na jino lake la kutoboka akitaka kujua kama siki ingelifaa.

Nilichosema kilikuwa kweli, na bado nakiona ni kweli. Lakini mama amekula peke yake jikoni.

28 Desemba

Asubuhi mama alikichukua kisahani, akashuka mpaka majini, akakirusha. Ana mkono mzuri bado. Nilimkimbilia nikamwambia hata kama si kombe ni kitu cha zamani, ningekiweka kwenye chupa.

"Umesema si kitu," akanijibu.

Sikusema si kitu. Nilisema si kombe. Nilimweleza tofauti mpaka koo likanikauka.

7 Januari, Somanda

Shule inafunguliwa. Chupa zangu zimepangwa, yavuyavu ameshakuwa kamasi.

3 Februari

Nimemleta mama. Vitu vyake vimeenea kwenye bodaboda mbili, na kuku wamebaki kwa Joyness. Nimempa chumba cha mbele chenye dirisha. Kwenye dirisha kuna ukuta wa jirani.

11 Februari

Mama ametoka misa ya kwanza na hakurudi mpaka saa saba. Alikuwa amekaa hospitali, kwenye mabenchi ya nje. Haumwi. Amesema huko angalau watu wanasalimiana.

25 Februari

Mvua. Mama amekaa akitazama ukuta wa jirani.

9 Machi

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Desemba. Nilikuwa na picha ya kisahani kwenye simu, nikamtumia Constantine, tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya kazi ya makumbusho Mwanza. Nilitaka anisifu kwa ile siki.

Alijibu usiku huo huo kwa sauti, ujumbe mrefu, ilisikika kama anakula.

"Mama wee, Lukresia, hiki umekipata wapi? Hiki ni cha enzi ya Mjerumani. Wafanyabiashara waliona watu wanavyoyapenda yale makombe, wakaenda kuyaiga kwa kaure, udongo ule wa vikombe, huko kwao, wakayaleta kwa masanduku. Yale ya kweli yalishakuwa haba. Hata watemi walikuwa wanagawa haya, wengine wakijua, wengine hawajui. Sisi tunavyo vitatu, vyote vimetoka makaburini. Usikisafishe. Niletee hivyo hivyo, na nionyeshe mahali kilipotoka, maana mwenyewe aliyezikwa nacho hawezi kuwa mbali."

Nimeusikiliza ujumbe huo mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo Mboje alipewa kaure na mtemi, akaambiwa kombe, akakivaa kwa heshima mpaka kaburini. Mama mkwe alisema kombe kwa sababu wote walisema kombe. Nami niliulizwa swali moja na mtu aliyelichagua vizuri. Nikalijibu hilo hilo kama mwanafunzi anayetaka alama, na sikujiuliza kilifikaje kwenye tope la kwetu.

10 Machi

Nimemsikilizisha mama ujumbe. Ameusikiliza ameshika ungo. Ulipokwisha akauliza, "Huyo kijana anamfahamu Mboje?"

"Hapana, mama."

"Mimi namfahamu," akasema, akaendelea kupepeta.

16 Machi, Lamadi

Nimekwenda kukitafuta kisahani. Nimekanyaga tope kutwa nzima. Nimeokota gamba la kome, meno ya kamongo, kandambili za kila rangi, kizibo cheupe kilichonidanganya mara tatu. Ziwa limeingia mpaka palipokuwa na jiko. Joyness alinitazama kutoka kwenye kichanja chake, kisha akashuka akanisaidia bila kuuliza ninatafuta nini.

17 Machi

Nimetafuta tena. Hakuna.

23 Machi

Nimetafuta. Maji machafu, mvua ya mawe.

30 Machi

Leo nimempigia Mihayo. Nilimweleza yote: kaure, Mjerumani, watemi, makaburi. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyo. Nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Kiko wapi hicho kisahani?" akauliza.

"Mama alikitupa."

"Pole."

"Baba mdogo, ulikuwa unajua?"

"Mimi sikujua kitu, mwanangu. Nilikujua wewe. Nilijua ukiulizwa utasema kweli, hata kama anayeumia ni mama yako. Mtu mwongo angenisumbua."

Sikuwa na tusi la kumtosha. Nikakata simu, nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta. Nimekumbuka ng'ombe wa ada yangu, nikajiuliza kama hata yeye aliuzwa kwa mapenzi au kwa hesabu ya mbali. Sipendi mtu ninayekuwa nikiwaza hivi, lakini ndivyo ninavyowaza.

1 Aprili

Babu Maige kwenye simu, nilipomwomba kikao kirudiwe: "Kikao kilishavunjika. Mwekezaji ameshatia sahihi. Mwalimu, wewe ndiye uliyetuondolea wasiwasi."

14 Aprili

Wazazi wamemleta shuleni mtoto aliyeng'atwa na mdudu, wakitaka nimtambue mdudu. Nimewaambia wampeleke hospitali kwanza.

5 Mei

Maji yameanza kushuka. Joyness anasema kijiko, mashine ya kuchimba, kimeshafika ufukweni na nyumba imelala chini tangu juzi. Sijamwambia mama. Amejua. Sijui nani anampa habari, labda wale wa mabenchini.

18 Mei, Lamadi

Alfajiri msimamizi wa ujenzi alinipigia, sauti ya mtu anayeona kazi yake inasimama. Kijiko kimefukua mifupa. Vibarua wamegoma. Mihayo amewaambia hapo palikuwa zizi, ni mifupa ya ng'ombe, na kwamba yuko mwalimu anayeweza kuthibitisha. Alitoa namba yangu yeye mwenyewe.

Mama alikuwa ameshavaa kabla sijamaliza kuongea. Njia nzima kutoka Somanda alikuwa anatazama ziwa litatokea wapi.

Walikuwa wamefunika kwa mabati. Mihayo yupo, babu Maige yupo, mwenyekiti wa kitongoji yupo na mwavuli. Nilipiga magoti kwenye udongo mwekundu. Niliona fuvu, upande mmoja umevunjwa na meno ya kijiko, na mfupa wa paja, na mbavu zimelala kwa mpangilio, amelazwa ubavu kama mtoto. Palikuwa hatua chache tu kutoka ukingo ulipomeguka.

"Ni mtu," nikasema.

Vibarua wakavua kofia. Mihayo akaitikia kwa kichwa taratibu, mtu anayekubali ushahidi. "Basi tumheshimu," akasema. "Tumpeleke makaburi ya umma, pale barabarani. Masikini, sijui ni nani."

Mama akasogea. Hakunishika. Alisema kwa sauti ya chini, ya kuniomba, na mama hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe: "Waambie ni yeye."

Nilisimama. Magoti yangu yalikuwa na tope. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinasema huwezi kujua, mfupa hauna jina, hakuna kisahani, hakuna alama. Nami nilikuwa nataka kusema, na nikasema, mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya siku ya turubai:

"Huyu ni Mboje."

Mwenyekiti wa kitongoji alimtazama babu Maige. Babu Maige alinitazama muda mrefu, wala si kwa ubaya.

"Umepima na nini?" akauliza.

Nilisema mahali palipo, nilisema zizi, nilisema kisahani, na kila nilipotaja kisahani niliona nyuso zao zikikumbuka kikombe cha siki. Mihayo alikuwa anatazama chini, anachora mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Siku ile ulituonyesha," alisema babu Maige. "Leo unataka tuamini tu."

Wamemzika alasiri, kwenye sanduku la mbao za kreti, katikati ya watu asiowajua, hatua chache kutoka barabara ya Musoma. Mihayo alitupa udongo. Vibarua walikuja wote, nao ndio walioimba. Hakuna msalaba, kwa sababu hakuna aliyejua dini yake, na hakuna jina.

Tulipobaki wawili mama alichuchumaa, akamwambia salamu ya jioni, "Mwadila, guku." Nilichuchumaa kando yake nikasema vilevile. Malori yalikuwa yanapita.

Mwanamke mmoja muuza samaki, beseni kichwani, alituona akasimama. Ni adabu ya huku, huwezi kupita msiba kama upepo. Alitua beseni, akampa mama mkono.

"Poleni sana, mayu. Amefariki nani?"

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akainuka, akaniangalia.

"Muulize mwalimu," akasema.

Yule mwanamke akanigeukia, akasubiri.